Hadithi Tuliyoisomea Shimoni

9 Februari

Klara, kama umeshika daftari hili basi umekuja. Karibu. Vua kandambili, kaa chini, halafu unieleze ulikuwa wapi. Geita si ng'ambo. Mabasi yanapita kila siku, mengine yana televisheni ndani, nimeambiwa. Ulikuja na gari lililoleta jeneza la kaka yako, ukalala siku moja, kesho yake ukapanda gari lile lile. Watu wamekaa matanga wananiuliza, mimi najibu: Klara ana kazi. Kazi gani hiyo ya kuuza vitenge isiyoweza kungoja siku tatu? Simu unapiga, sikatai. Simu haichoti maji.

Sasa nitakuandikia humu, ukija usome mwenyewe nisirudie kusema. Kuandika unajua nilikojifunzia. Nelly alipokuwa darasa la tatu alicheza umwalimu, wanafunzi wake tukiwa mimi na mbuzi. Mbuzi alishindwa. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisukuma hakunifundisha kukiandika. Daftari ni lake la Jiografia, nimechukua kurasa za nyuma, maana halitumii.

Halitumii kwa sababu haendi shule. Hilo ulijue kwanza. Tangu tumzike baba yake Novemba mtoto hajakanyaga shule. Yuko kidato cha sita, mtihani wa taifa ni Mei, na namba ya mtihani anayo. Anaamka, anafagia, anachota maji, anakaa. Mama yake alirudi kwao Songwa siku nyingi, hilo unalijua, kwa hiyo aliyebaki ni mimi. Halii. Mimi pia silii. Tumekaa humu ndani kama magunia mawili.

12 Februari

Nimepalilia mtama. Mvua hakuna.

13 Februari

Vivyo hivyo.

17 Februari

Amekuja mwalimu wake wa Kiswahili, anaitwa Marselino. Mtu wa kusini, Masasi huko, mwembamba, pikipiki ni nene kuliko yeye.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kumsalimia."

"Kumsalimia hakumfikishi kwenye mtihani."

Akacheka kidogo. Nelly alikuwa jikoni, akagoma kutoka. Nilimwita mara tatu, nikamwita jina lake lote la ubatizo, wapi. Basi mwalimu akazungumza na mimi. Akasema Nelly ndiye mwanafunzi wake bora wa fasihi. Mwaka jana aliandika uchambuzi, yeye akausomea darasa zima. Sasa kuna kitabu cha hadithi fupi, hadithi kumi, na swali lake halikosi kwenye mtihani. Akaniachia kitabu na karatasi nyingine zilizobanwa, wenyewe wanaziita nondo. Humo kuna majibu ya hadithi zote.

"Yaani hadithi nayo inafanyiwa mtihani?"

"Inafanyiwa, Bibi."

"Basi mimi ningekuwa profesa."

Nikamkaribisha chai na matobolwa, viazi vyetu vya kukausha. Alikula yote. Huyu mtu hana mke.

19 Februari

Kitabu kiko pale pale kwenye kigoda. Kuku amekinyea. Nimekifuta.

23 Februari, Jumapili

Tumetoka kanisani nikakishika kile kitabu nikaanza kusoma kwa sauti, herufi moja moja, makusudi vibaya. Nelly alivumilia. Nikafika mstari wa nne, akaninyang'anya.

"Bibi, unaiua hadithi."

"Basi ifufue."

Akasoma. Sauti ya kusomea kwa mwalimu, kavu, lakini akasoma. Hadithi yenyewe ni ya msiba. Amekufa fundi wa baiskeli, mwili uko ndani, watu wamekaa nje. Anatokea mwanamke kutoka mbali, hamsalimii mtu, anaingia ndani moja kwa moja. Anatoka ameshika viatu vya marehemu. Anavivaa. Anaanza kutembea uwanjani kama marehemu alivyotembea, mguu wa kushoto unaburuta.

Hapo Nelly akafunga kitabu. "Imetosha."

Sikumlazimisha.

27 Februari

Mvua imenyesha, ndogo, ya kudanganya.

2 Machi

Amesoma tena. Amekomea pale pale pa viatu.

5 Machi

Pale pale. Nimepakwa majivu kipajini kanisani, nimerudi shambani.

9 Machi

Leo nimemwambia aache kitabu, anisomee zile nondo. Amenisomea. Zinasema mwanamke mwenye viatu ni mhusika katili, hana utu, anawakilisha jamii iliyooza maadili.

Nikamwambia, "Aliyeandika karatasi hii hajawahi kuzika mtu."

"Bibi, hizi ndizo zinazoleta maksi."

"Sawa. Nijibu mimi. Huyo mwanamke anachezea viatu vya maiti mbele ya watu wazima. Wanaume wako wapi? Mbona hawamkamati?"

Akasema hajui. Nikamwambia mimi ndiyo sijui, yeye ana kitabu. Mwizi wa kuku hapa Samuye anakamatwa na watoto. Itakuwaje mtu atukane maiti, wanaume wote wakae kitako wamtazame?

Akafungua kitabu. Hakusoma kwa sauti, macho yake yalikuwa yanatembea tu. Nilimwona amepita pale pa viatu. Hakujua kama amepita, alikuwa anawatafuta wanaume.

"Wamekaa," akasema. "Mmoja amemletea kuku."

"Nani?"

"Kaka wa marehemu."

"Kwa ugomvi?"

Akaweka kidole kwenye mstari. "Imeandikwa, alimkabidhi bila neno."

"Haya sasa."

Akaniangalia. Tangu Novemba alikuwa haniangalii, alikuwa ananipitisha macho tu kama ukuta. "Ni mtani," akasema. "Huyu mwanamke ni mtani wao. Kuku ni haki yake."

"Mimi sikusema. Umesema wewe, profesa."

Akaingia ndani, akatoka na kalamu. Nimemwacha hapo nikaenda kukata mlenda. Sikufurahi wala nini, kusema kweli. Niliona tu kalamu iko mkononi.

17 Machi

Amevaa sare. Sketi imemlegea, nimeifunga kwa pini. Amepanda basi la asubuhi kwenda kufanya mtihani wa majaribio wa mkoa.

18 Machi

Amekwenda.

19 Machi

Amekwenda. Mvua ya mawe upande wa Tinde. Kwetu imepita pembeni.

28 Machi

Mwalimu Marselino amekuja na karatasi. Kwenye swali la hadithi, ishirini ndiyo jumla, Nelly amepewa sita. Aliandika ile ya mtani na kuku. Waliosahihisha ni walimu wa shule nyingine, wakaandika pembeni kwa wino mwekundu: Haya umeyatoa wapi?

Nikamwuliza mwalimu, "Na wewe huko kwenu hamna watani?"

"Tunao, Bibi. Baba yangu alipofariki mtani wetu alilala kaburini akadai kwanza aletewe shuka. Nelly amesoma sahihi kabisa, mimi ningempa kumi na saba."

"Sasa?"

"Msahihishaji ana karatasi mia tatu na mwongozo mmoja. Mei aandike kilichomo kwenye nondo. Akifika chuo kikuu atabishana."

Nikamwambia, yaani unamfundisha kusema uongo ili afike mahali pa kusemea kweli? Akatazama pikipiki yake. Nikamwambia wewe ni mwoga, Marselino, na leo hakuna matobolwa. Akaondoka. Karatasi ilikuwa mkononi mwa Nelly mpaka jioni.

29 Machi

Hii nitaiandika yote, Klara, usiruke.

Nilikuwa nachambua choroko kwenye ungo, hapo nyuma ya ghala. Nelly amekaa na karatasi yake ya wino mwekundu. Nikamwambia asijali. Aliyesahihisha hajui watani ni nini. Mtani akija msibani ana kazi, kama mchimba kaburi alivyo na kazi. Anamtania marehemu, anazitaja kasoro zake, ili watu wakumbuke anayezikwa alikuwa mtu, alikuwa na mwendo wake na upumbavu wake. Bila hivyo mnazika maiti tu. Nikasema maneno mengi. Nikasema hata mtoto mdogo wa hapa analijua hilo.

Akasema, "Bibi."

"Mm."

"Basi mbona wewe ulimpiga Mzee Ndaki na mwiko?"

Wewe ulikuwepo, ila ulikuwa ndani na akina mama, labda hukuona. Ndaki wa ng'ambo ya mto, ukoo wao na wetu ni watani tangu babu wa babu. Baba yako alipokufa, Ndaki alivaa koti lake, akapita kwa wageni wote akiwaomba tumbaku kama baba yako alivyokuwa akiomba, hata na kile kikohozi. Mimi mjane, nimefunikwa kitenge, nilicheka mpaka wenzangu wakanishika. Jioni yake nililia vizuri. Usingizi ulikuja.

Sasa kwa kaka yako Makoye. Ndaki alitokea njiani amefunga tochi kipajini, kama wachimbaji wanavyofunga. Mgongoni ana gunia. Akapiga magoti kwenye kizingiti cha uwanja akaanza kutambaa, taratibu, kama mtu anayeshuka kwenye duara, shimo lao la dhahabu. Anakwenda kwenye jeneza. Jeneza lile tulikatazwa kulifungua, maana kaka yako alikaa chini ya kifusi siku tatu huko Segese. Watu walikuwa wameanza kuguna, kile kiguno kinachotangulia kicheko. Mimi nikainuka kwenye mkeka. Mwiko wa ugali ulikuwa karibu. Nilimpiga begani mara mbili, ya pili ikapata tochi, tochi na mwiko vikavunjika. Nikamwambia, toka, leo hakuna utani kwangu.

Akasimama. Akapangusa magoti. Akatoka bila neno, na watani wengine wote wakamfuata.

Basi tukamzika Makoye kwa nyimbo na hotuba. Kila aliyesimama alisema alikuwa mtu mwema. Hakuna hata mmoja aliyesema alikuwa akisalimia ng'ombe kabla ya watu. Hakuna aliyesema akiazima jembe halirudi. Tumemzika kama mgeni aliyefia njiani, na aliyefanya hivyo ni mimi mama yake.

Nelly alingoja jibu. Niliendelea kuchambua choroko. Nilizitoa mbovu mpaka zikaisha, nikaanza kuzitoa nzima.

30 Machi

Mvua kubwa. Hatukusoma.

31 Machi

Mvua. Mto umejaa.

2 Aprili

Mvua. Hatuzungumzi. Si kwa ugomvi, ni kwamba hakuna kinachokuja.

5 Aprili

Mto umepungua. Nimechukua jogoo, yule mwekundu, nimevuka kwenda kwa Ndaki. Nimemkuta anachonga nira.

"Mwadila, Ndaki."

"Nani huyo? Mama Makoye? Bado hujafa tu? Chakula cha wajukuu utakimaliza lini?"

"Nitakufa nikishakuzika wewe. Nimekuletea jogoo."

Akampokea, akampulizia manyoya ya nyuma, akamtazama machoni. "Huyu ana mafua. Umemleta afie kwangu." Lakini akamfunga mguu. Halafu akafunua bega. "Unaliona hili? Siku hizi linajua mvua siku mbili kabla. Majirani wanakuja kuniuliza kama wapande dengu."

Sikucheka. Nikamwambia, "Ndaki, nilikosa. Njoo umtanie."

Akaacha kuchonga. Uso wake ukabadilika, nikaona ni mzee kama mimi. "Utani hauna kiporo, mama. Unaliwa siku ile ile, marehemu akiwepo. Nikija leo nitakuwa mzee tu anayetukana mtu aliyekufa."

Nikakaa. Yeye akaendelea na nira yake. Mkewe akaleta maji, nikanywa. Nilipoinuka kuaga akasema bila kunitazama, "Unataka kujua nilikuwa nakwenda kusema nini?"

"Sema."

"Nilikuwa nifike kwenye jeneza nigonge kwa kidole. Hodi. Niseme: Makoye, mpumbavu mkubwa wewe. Choo cha mama yako umechimba kikafika kiunoni ukasema mgongo unauma. Mwaka wa pili huu wanawake wa kwako wanajisitiri kwenye minyaa. Halafu ukaenda Segese kuchimbia watu wengine shimo refu kuliko mnara wa simu. Mgongo ulipona kwa dawa gani? Toka humo, njoo umalize choo."

Nikamwambia, ahsante. Nikavuka mto nikarudi. Maji yalikuwa magotini, sikuyasikia baridi.

6 Aprili

Asubuhi tumeota moto, nimemweleza Nelly maneno ya Ndaki yote, sikuongeza wala kupunguza.

Akaweka kikombe chini. Akasema, "Ni kweli, Bibi. Kiunoni tu." Akacheka. Sauti ilitoka kama bawaba kavu. Halafu akalia, halafu vyote viwili pamoja, sikujua kipi ni kipi na sikuuliza. Nilimshika kichwa nikakilaza mapajani. Nilimwambia lia, mke mwenzangu, lia na zamu yangu. Mimi sikupata chozi. Nilisikia uzito wa kichwa chake na moto ukizimika, basi.

8 Aprili

Nimetoka kwenye pamba nikakuta udongo mpya nyuma ya nyumba. Mtoto yuko shimoni na sururu ya baba yake.

Nilitaka kukimbia nikabaki nimesimama kama kigingi.

"Nelly! Toka!"

"Bibi, ni kiunoni tu."

"Toka nimesema!"

"Mzee Ndaki amesema Baba aje amalize. Baba haji."

Ningempiga na nini tena? Mwiko nilishauvunja. Nikaenda bandani nikaleta kamba ya ng'ombe, nikamfunga yeye kiunoni, ncha nyingine nikajifunga mimi. Nikakaa ukingoni juu ya ndoo.

"Bibi, kichwa changu kiko nje. Naiona hata nyumba."

"Nyamaza uchimbe."

9 Aprili

Amechimba. Nimekaa na kamba.

10 Aprili

Amesema nisikae bure, nimsomee. Nikaleta kitabu. Mimi nasoma juu, yeye anachimba chini. Ukurasa mmoja nausoma kwa muda wa ndoo ishirini za udongo. Nikikosea herufi ananisahihisha akiwa huko huko, hata hainui kichwa.

20 Aprili, Pasaka

Hatukuchimba. Tumekula wali na kuku. Amekula sahani mbili. Nimeziandika kwa sababu nilizihesabu.

22 Aprili

Leo tumefika mwisho wa hadithi. Mwanamke anavua viatu, anavirudisha ndani. Mjane amejifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Kisha anaomba uji. Imeisha hapo. Nikageuza karatasi nikadhani wameichana, kumbe ndiyo mwisho wenyewe.

"Nondo zinasemaje hapo?" nikauliza.

"Zinasema mjane analia kwa kufedheheshwa."

"Basi analia," nikasema. Nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa kali.

Sururu ikanyamaza. "Bibi, soma mstari wa mwisho tena."

"A-ka-o-mba u-ji."

"Aliomba wapi?"

Nikatafuta. "Pale pale. Mbele ya yule mwanamke."

"Mtu akikufedhehesha mbele ya watu, unakaa hapo hapo unaomba uji?"

"Mimi siwezi. Labda anacheka, basi."

"Labda. Au analia kweli, lakini njaa imerudi." Akatupa ndoo juu. "Kitabu hakisemi. Kinasema uji tu."

Mimi nilimwonyesha kuku, na kuku nilimjua kwa sababu ya uzee. Huyu ameuona uji mwenyewe, akiwa ndani ya shimo, kitabu hakukishika.

26 Aprili

Marselino amekuja. Amenikuta nasoma kwa sauti, mbele yangu shimo.

"Bibi, unasomea choo?"

"Choo kinasikia kuliko walimu."

Akachungulia, akamwona mwanafunzi wake, udongo mpaka nywele. Akachuchumaa. "Nelly, imebaki wiki. Utaandika ipi? Niambie ukweli."

"Zote mbili, mwalimu."

"Zote mbili vipi?"

"Nitaanza na wanaosema ni katili, niwape haki yao, maana hata mimi mwanzo niliona hivyo, nilishindwa hata kuisoma. Halafu niwaulize kuhusu kuku. Nitaandika ukurasa ulioko na maneno yenyewe, alimkabidhi bila neno. Sitasema nimeyatoa wapi. Nitasema yako pale pale kwenye hadithi. Kwenye majaribio niliandika kama watu wote wanajua utani. Hawajui."

Mwalimu akaokota udongo akaupondaponda. Akasema, "Hiyo ndiyo inaitwa kuchambua. Mimi nilikuwa nakufundisha kuogopa."

Halafu akavua shati, akalitundika kwenye pikipiki, akamwambia mtoto apande juu ashike kitabu. Alichimba ndoo kumi na tano, malengelenge yakamtoka, mikono ya chaki ile. Nilimwita mwoga. Nimefuta. Nimempikia matobolwa sufuria nzima.

3 Mei

Shimo limefika urefu wa kutosha. Vijana watakuja kuweka mbao na zege. Kamba nimeirudisha bandani. Kiuno kimechubuka na sikuwa nimejua.

5 Mei

Ameanza mtihani.

6 Mei

Amekwenda. Vitumba vya pamba vinaanza kuonyesha weupe.

7 Mei

Amekwenda.

9 Mei

Leo ndiyo Kiswahili. Nimeamka, nimekoroga uji, hakumaliza. Nimempa mkono, nimemwambia nenda, mke mwenzangu, usiwaogope, nao wana bibi zao. Basi limeondoka. Nimepalilia mahali ambapo nilishapalilia. Nimekuta nimeng'oa mche mzima wa pamba, nimeushika, sijui niurudishe vipi.

Amerudi saa tisa.

"Ilitoka?"

"Ilitoka. Walisema chagua mhusika mmoja anayechukiwa, ueleze kama anastahili."

"Ukaandika kuku?"

"Nimeandika."

"Na uji?"

"Kengele ililia nikiwa kwenye uji, Bibi. Nimeandika nusu mstari."

"Nusu gani?"

"Kwamba aliomba."

Akaenda kulala jua likiwa juu, sare yote mwilini, viatu miguuni. Nilimvua viatu. Hakuamka mpaka kuku walipoingia bandani. Sijui kama amefaulu. Hata yeye hajui. Yule wa mwongozo mmoja na karatasi mia tatu ndiye atakayejua, na huenda siku hiyo atakuwa ameamka vibaya.

22 Mei

Mitihani imekwisha. Nelly anachuma pamba na mimi, anaimba kidogo akidhani niko mbali. Anasema akifaulu atasomea ualimu. Akianguka atarudia. Amesema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anapanga kwenda sokoni.

Mimi bado, Klara. Watu wananiambia machozi yatakuja. Yasipokuja nitachuma hivyo hivyo.

Na wewe nikuambie lililokuwa moyoni tangu Novemba, maana sasa limelala kwenye karatasi na haliumi sana. Nilisema wewe ndiye uliyempigia kaka yako simu ukamwambia nenda Segese, kuna rashi ya dhahabu, watu wanapata. Majirani walisema, nami sikuwakatalia. Nilipoona umepanda gari kesho yake nikasema, anajijua. Kweli ulimpigia. Lakini mimi ndiye niliyemfungashia michembe ya viazi ya njiani. Nilimwambia aende, nikamwuliza kama hachoki kukaa tu hapa. Kama ni kosa tugawane, na ukitaka fungu kubwa nitakunyima, mimi ni mkubwa.

Matokeo yatatoka Julai. Njoo kabla ya matokeo, usije baada. Ukija baada, ukikuta amefaulu utasema umekuja kumpongeza, ukikuta ameanguka utasema umekuja kumpa pole, na nyote wawili mtajificha humo. Njoo wakati bado hakuna la kusema. Mtoto ni wako pia, mkae naye mkose la kusema pamoja. Na uje na nguo za kazi, pamba imepasuka yote.